Viatu vya Contessa

Kila asubuhi Ersilia aliwafungulia kuku, akaokota mayai, kisha akampelekea babu yake kahawa uani. Mama yake, Nives, alikuwa mwokaji wa mikate pale kijijini Castel Sambuco. Alitoka nyumbani alfajiri mbichi na kurudi saa tano akinukia unga na moshi. Kwa hiyo kahawa ya babu ilikuwa kazi ya Ersilia, na kwa msichana wa miaka kumi na miwili, aliipika vizuri sana. Babu Nazzareno mwenyewe alisema hivyo, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Asubuhi ile ya Septemba babu hakuigusa kahawa. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa ua, kiganja juu ya macho, akitazama shamba lake la ngano. Ngano ilivunwa tangu Julai, yakabaki mabua makavu tu. Katikati ya mabua hayo watu wawili walikuwa wakitembea.

"Hao wamekuja," akasema. "Watazame wanavyokwenda. Huko, halafu huku. Huko, halafu huku. Hata mtu aliyepoteza sindano hatembei hivyo."

Ersilia akapanda juu ya jiwe apate kuona vizuri. Kijana mmoja alikuwa amebeba fremu ya mabomba meupe, akienda polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa maji. Nyuma yake alitembea mama mmoja mwenye miwani, akihamisha kamba ndefu kutoka kigingi hadi kigingi.

"Babu, yule mama amefunga suruali kwa kamba!"

"Nimeona. Daktari mzima wa chuo kikuu, hana hata mkanda. Wewe ungemwamini?"

Babu alikuwa ametia sahihi karatasi ya kuwaruhusu walipime shamba, lakini kwa shingo upande, kwa sababu meya wa mji alimwomba mara mbili. Tangu siku hiyo hakuwa na amani. Na jirani yao Quirino, mwenye mashamba ya mizeituni ng'ambo ya barabara, hakumsaidia hata kidogo. Alifika kabla kahawa haijapoa.

"Nazzareno, wewe umerogwa?" akaanza, bila hata salamu. "Umewafungulia lango kabisa! Haya. Wakiona ukuta mmoja tu huko chini, serikali itakuja na utepe. Marufuku jembe, marufuku trekta. Utalima wapi, kwenye sufuria?"

"Wameniambia hawachimbi."

"Hawachimbi! Na mwizi anapochungulia dirishani, huwa ameshaiba? Anachungulia tu. Kuiba kunakuja baadaye."

Ersilia alimwona babu akirudisha macho shambani, naye akaingiwa na hofu. Familia haikuwa na ardhi nyingine. Ngano ya shamba lile ndiyo iliyosagwa ikawa unga, na unga huo ndio mama aliouoka. Isitoshe, babu alikuwa amelima pale tangu hajaota ndevu. Wakimnyang'anya, angeamka asubuhi kwenda wapi?

Ersilia akachukua baiskeli yake, akaenda kujionea mwenyewe.

Hakufika mbali. Alipokaribia vigingi, yule kijana akapaza sauti: "Simama hapo hapo! Usisogee!"

"Hili ni shamba la babu yangu," akajibu Ersilia, mikono kiunoni. "Wewe ndiye usisogee."

Yule kijana akacheka, akaweka chombo chake chini. Jina lake lilikuwa Ivo. Alikuwa amevaa raba za kitambaa zisizo na hata tundu moja la chuma. "Usikasirike, dada. Chombo hiki kinahisi sumaku iliyo ardhini. Ukuta una yake, udongo una yake, na tofauti hiyo tunaigeuza kuwa picha. Sasa wewe unanijia na baiskeli! Ni kama mtu anayepiga ngoma wakati mwenzake anasikiliza mnong'ono. Zipu, mkanda, msumari, vyote adui. Ndiyo maana tumevaa kamba."

"Kwa hiyo chuma kinakipofusha?"

"Kabisa. Kipande kidogo tu, hatuoni kitu mahali hapo."

Yule mama akawasogelea. Alijitambulisha kuwa ni Daktari Fosca, akaeleza kwa upole kwamba chini ya mabua yale ulilala mji wa Warumi wa kale, wenye barabara na nyumba, uliofunikwa na udongo kwa karne nyingi. "Tunautazama bila kuugusa," akasema, "kama mkunga wa hospitali anavyomtazama mtoto tumboni bila kumpasua mama."

"Na mkiuona, mtafanya nini?" akauliza Ersilia.

"Tutachora ramani."

"Halafu?"

"Halafu tutaandika ripoti."

"Mtampa nani?"

Daktari Fosca alisita kidogo. "Ofisi ya mambo ya kale," akasema.

Basi! Ersilia hakuhitaji kusikia zaidi. Ofisi ya mambo ya kale ni serikali, na serikali ndiyo yenye utepe. Quirino alikuwa amesema kweli tupu. Na mbona huyu mama alisita? Mtu asiye na la kuficha hasiti. Ersilia alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli, na kabla hajafika uani alikuwa ameshajua atakalofanya.

Katika Castel Sambuco, baada ya chakula cha mchana, kila mtu hulala. Madirisha hufungwa, duka hufungwa, hata mbwa hujinyoosha kivulini asibweke. Ukitaka kutenda jambo usionwe, usingoje giza, ngoja saa nane mchana. Siku ile babu alikuwa akikoroma chumbani, mama amelala fofofo kwa uchovu wa tanuri, nao wapimaji walikuwa wamekwenda kijijini kula.

Ersilia akaingia bandani kwa ncha za vidole. Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya rangi, kulikuwa na sanduku la viatu vya chuma vya Contessa. Contessa alikuwa punda wa babu. Alifanya kazi shambani miaka kumi na minane, akafa kwa uzee, na babu hakutupa kiatu chake hata kimoja. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa ukichechemea, basi mhunzi alimtengenezea viatu vyenye ulimi upande mmoja. Kijiji kizima hakikuwa na punda mwingine mwenye viatu vya namna hiyo.

Akavitia kumi na tano kwenye mfuko, akachukua sepetu ndogo ya bustani, akaenda kwenye kile kipande ambacho wapimaji walikuwa wamekizungushia vigingi kwa kazi ya alasiri. Alichimba vishimo vya kina cha kiganja, akazika kiatu kimoja kimoja, akakanyaga udongo, akatandaza mabua juu. Jua lilimchoma shingo. Alipomaliza alinawa mikono kisimani, akajitupa kitandani na kujifanya amelala.

Alasiri wapimaji walirudi, wakatembea huko, halafu huku. Ersilia aliwatazama akiwa nyuma ya chupa za nyanya zilizopangwa ukutani. Endeleeni tu, alijisemea. Nimemwokoa babu nanyi hamjui.

Kesho yake Daktari Fosca alifika nyumbani na kompyuta yake, na hakuwa akitabasamu. Hakuja peke yake. Aliandamana na Bwana Bonfigli, mkuu wa kituo cha polisi, mtu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na macho yasiyotulia. Ivo alibaki nje kando ya gari.

"Mzee Nazzareno, samahani kwa usumbufu," akasema Fosca. "Naomba utazame hii."

Kwenye kioo ilionekana picha ya rangi ya majivu. Ndani yake kulikuwa na mistari iliyonyooka, barabara ikikutana na barabara, na kando yake vyumba vidogo vidogo. Babu aliitazama bila kupepesa. Lakini upande mmoja wa picha ulikuwa umejaa madoa meusi na meupe, kama uso wa mtu mwenye ndui.

"Hiki ni chuma," akasema Fosca. "Leo alfajiri nilikwenda kuangalia. Udongo umefukuliwa karibuni, ukafunikwa tena kwa mabua. Sheria inanitaka nitoe taarifa."

Afande Bonfigli akajikuna shavu. "Mzee, unawajua wezi wa makaburi ya kale. Wanadunga ardhi kwa fimbo ya chuma, wakigusa jiwe wanachimba, vyungu vinauzwa ng'ambo. Sasa nimepita bandani kwako nikaona fimbo ndefu ya chuma. Ya nani?"

"Yangu. Natafutia mifereji ya maji."

"Eeh. Kila niliyewahi kumkamata alikuwa akitafuta mifereji."

Masikio ya Ersilia yakawaka moto. Wizi? Nani alitaja wizi? Wote wakatoka kwenda shambani, naye akafuata nyuma.

Afande aliinama kwenye doa la kwanza, akafukua kwa mikono, akatoa kitu chekundu kwa kutu. Kilikuwa kiatu cha chuma chenye ulimi upande mmoja.

Babu alinyoosha mkono akakipokea. Akakifuta udongo kwa kidole gumba, taratibu. Kisha akamtazama Ersilia, mara moja tu, akageuza uso.

"Nimevizika mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Sikutaka waone kilichoko chini. Andika, afande, twende zetu."

Afande akatoa daftari. "Nitaandika, lakini mambo hayaishii hapo. Nitajuaje kama hukutoa kitu kwanza, ndipo ukafukia chuma kuficha shimo? Vaa koti, mzee. Utakuja kituoni."

Ng'ambo ya barabara, Quirino alikuwa ameshaacha mizeituni yake, anakodoa macho. Ersilia akaona yote kwa mkupuo: babu akipita mbele ya duka la mikate katikati ya polisi, watu wakinong'ona, mama akitoka na mikono yenye unga. Mwizi wa makaburi! Yule babu aliyerudisha hata yai la kuku wa jirani.

"Ni uongo!" akapiga kelele. "Babu alikuwa amelala! Ni mimi!"

"Nyamaza, Ersilia," akasema babu.

"Sinyamazi! Nilivichukua bandani, kumi na tano, nikavizika mchana watu wakiwa wamelala. Nilidhani mtatunyang'anya shamba."

Afande hakutikisika. "Mjukuu mwema humtetea babu yake. Nimeona wengi."

"Basi nitawaonyesha vyote."

Daktari Fosca aliifunga kompyuta kabla Ersilia hajaitazama. "Na aonyeshe," akasema. "Picha anayo nani? Mimi. Tutajua."

Ersilia akaenda kwenye kigingi cha kwanza, akahesabu hatua, akaonyesha kwa kidole. Ivo akachomeka kibendera cha plastiki, wakafukua, kiatu kikatoka. Akaenda cha pili, cha tatu. Alipofika cha tisa babu aliketi juu ya mabua, viatu vya Contessa vimerundikana mapajani mwake. Kilipotoka cha kumi na tano, Ersilia akapangusa jasho.

"Ndivyo hivyo. Vimekwisha."

Fosca alifungua kompyuta, akahesabu, akahesabu tena. "Madoa ni kumi na sita," akasema.

"Ahaa," akasema afande.

"Ersilia, cha kumi na sita kiko wapi?"

"Hakipo! Nilizika kumi na tano!"

"Binti yangu, umeanza kusema, sasa malizia," akasema afande. "Kuna nini pale? Babu ameficha nini?"

"Nimeshasema yote! Haki ya Mungu nimesema yote!"

Machozi yakamtoka. Kumbe mambo yalikuwa hivi: jana alisema uongo bila kufungua mdomo, na leo hata ukweli wake ulinuka uongo. Hakuna aliyemwamini. Hata babu alikuwa akimtazama kwa jicho la kuuliza, na hilo lilimuuma kuliko daftari la afande.

Daktari Fosca alikwenda mahali pa lile doa, akapiga magoti, akapapasa mabua. "Hapa hapajaguswa," akasema hatimaye. "Mizizi ya mabua imeshika ardhi kama kawaida. Mtoto huyu anasema kweli. Ivo, lete rada."

Rada ilikuwa kisanduku chenye magurudumu, kinasukumwa kama kigari cha mtoto mchanga. Kilituma mawimbi ardhini na kusikiliza yanavyorudi. Ivo alikisukuma huko, halafu huku, mistari ikikaribiana. Wote walimzunguka Fosca akiwa ameinamia kompyuta. Picha ilishuka chini ya udongo kidogo kidogo, kama mtu anayekata mkate vipande vyembamba. Kwenye kina cha kiuno cha mtu mzima, duara likatokea. Duara kamili, na lenye mlango.

Fosca alivua miwani. "Si chuma," akasema kwa furaha. "Ni udongo na matofali yaliyochomwa moto kila siku, miaka na miaka. Moto mkali huachia sumaku yake humo. Hili ni tanuri! Na haya mawili kando, nadhani ni mawe ya kusagia. Jamani, hii huenda ni nyumba ya mwoka mikate."

Wakati huohuo Nives alikuwa anakuja kwa miguu kutoka kijijini, mikate miwili kwapani, unga mpaka kwenye nyusi. Alipoona polisi akaanza kukimbia. Wakamweleza, kila mtu akimkata mwenzake kauli. Alimtazama binti yake kwa jicho lililosema tutaonana nyumbani, kisha akainamia picha.

"Upana wake?"

"Mita tatu, karibu."

"Kubwa kuliko langu," akasema Nives kwa wivu kidogo, na afande akajikuta anacheka.

Babu akainuka, akakung'uta suruali. "Daktari, mtoto amesema lake. Mimi nina langu. Kila mwezi wa Mei ngano yangu inawahi kuwa njano kwenye mistari. Mistari iliyonyooka, hiyo hiyo ya kwenye picha yako, kwa sababu chini kuna kuta na mizizi haipati maji. Nimelijua hilo miaka sitini. Baba aliniambia nisimwambie mtu, na nisizamishe jembe pale. Uliponiuliza kama nimewahi kuona chochote, nilikwambia hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Niliogopa mtanizuia kulima."

"Nani alikwambia?"

Babu akatazama ng'ambo ya barabara. Quirino akageuka haraka kuipogoa mizeituni isiyohitaji kupogolewa.

"Jembe lako la juu juu ndilo lililoulinda mji huu," akasema Fosca. "Nitakachoandika kwenye ripoti ni kwamba uendelee kulima hivyo hivyo, bila kuzamisha jembe. Ungeniuliza siku ya kwanza, ningekujibu siku ya kwanza. Lakini na mimi nina kosa. Msichana huyu aliniuliza ripoti inakwenda kwa nani, nikaona ni mambo marefu, sikumweleza. Nilimwacha na shaka yake."

"Utaandika hivyo kweli?" akauliza babu.

"Kweli."

"Basi andika sasa, uweke sahihi. Afande awe shahidi."

Fosca akaandika palepale, juu ya mkate wa Nives uliofungwa kwenye karatasi. Afande akatia sahihi yake, kisha akalikata jina la babu kwenye daftari mbele ya macho ya Ersilia. "Ila wewe," akamwambia, "umepoteza siku nzima ya kazi ya watu. Utailipa kwa miguu yako."

Mchana ule mama hakugomba sana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baada ya chakula babu hakwenda kulala. Alimwita Ersilia bandani, wakavipanga viatu vya Contessa sandukuni, kimoja kimoja.

"Nilikasirika uliponikinga kwa uongo, babu," akasema Ersilia.

"Nami nilikasirika uliponikinga kwa chuma." Babu akafunga sanduku. "Sikiliza. Kumshuku mtu si dhambi. Mimi mwenyewe nimewashuku wale tangu siku ya kwanza. Kosa letu, mimi na wewe, ni kuizika shaka chini ya udongo badala ya kuitoa mdomoni. Ukiwa na shaka na mtu, mfuate mchana kweupe, umuulize usoni. Akikudanganya, utakuwa umemjua. Akikwambia kweli, utakuwa umejiokolea aibu kama ya leo. Na ukishakosea, sema haraka, maana kila saa unayonyamaza kuna mtu mwingine anaubeba mzigo wako."

Siku tatu zilizofuata Ersilia alivua mkanda wake na vibanio vya nywele, akafunga suruali kwa kamba, akavuta kamba ya vipimo nyuma ya Ivo. Huko, halafu huku. Jioni miguu ilimuuma, lakini kile kipande kilipimwa upya chote, na safari hii picha ikatoka safi, tanuri na yote.

Siku ya mwisho Quirino alishindwa kuvumilia. Akavuka barabara, akasimama kando ya babu ukutani.

"Nazzareno, yule si mjukuu wako? Anatafuta nini kule na hao watu?"

Babu akanywa kahawa yake, ingali moto. "Nenda kamuulize mwenyewe," akasema.

Quirino akasitasita, kisha akaingia shambani. Hakufika mbali. "Simama hapo hapo!" Ersilia akapaza sauti. "Mkanda, Bwana Quirino!"

Quirino akautazama mkanda wake. Akauvua, akautundika kwenye kigingi cha plastiki, na huku ameshika suruali kwa mikono miwili, akaenda kuuliza.